Sanduku Lenye Funguo Nne: Kanisa na Mkutano wa Kijiji

Kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Hahitaji kuchaguliwa, wala hahitaji kujua kusoma. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 imeupa mkutano huo mamlaka ya juu kabisa katika mambo ya kijiji, na unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, huwajibika kwake. Hata ardhi ya kijiji, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, haipaswi kugawiwa na halmashauri kabla mkutano haujaridhia.

Washarika wengi watakaosoma kitabu hiki wamewahi kuhudhuria mkutano wa namna hiyo, na wanajua unavyokwenda. Viongozi wamekaa mezani kivulini. Wanaume wazima wako karibu, vijana wamesimama pembeni na pikipiki zao, akina mama wako nyuma kabisa wakinyonyesha na kuangalia saa ya kuteka maji. Mtendaji anasoma mapato na matumizi kwa haraka, tarakimu baada ya tarakimu. Mwenyekiti anauliza kama kuna swali. Kimya. Basi tumekubaliana, tuendelee. Karatasi ya mahudhurio inazungushwa, watu wanatia sahihi au dole gumba, na siku nyingine karatasi hiyo ndiyo itakayotolewa kama ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa.

Lugha yetu ina hekima hapa. Kushiriki ni jambo moja, kushirikishwa ni jingine. Katika neno la pili mtendaji wa jambo amekwisha kuwa mtu mwingine, nasi tumekuwa watendwa.

Sidhani kwamba tatizo kubwa ni sheria, maana sheria ipo. Sidhani pia kwamba wenyeviti wote ni watu wabaya; wengi wao ni washarika wetu, na wengine ni wazee wa kanisa. Kinachokosekana mara nyingi ni ujuzi, yaani ule ujuzi wa kuwaongoza watu wengi wazungumze, wasikilizane na kuamua. Siku hizi anayeufanya huitwa mwezeshaji, na wengine humwita mraghbishi. Watu hufikiri kwamba kazi hiyo ililetwa na miradi ya wafadhili pamoja na karatasi kubwa za ukutani na kalamu za rangi. Kumbe Kanisa la Kilutheri lina historia ndefu katika jambo hili, historia yenye heri na yenye aibu pia, nami ningependa tuitazame yote.

Tuanzie katika mji mdogo wa Leisnig, Saksonia, nchini Ujerumani. Mwaka 1523 usharika wa mji huo ulikuwa umeamua kumchagua mchungaji wake wenyewe. Ulimwandikia Martin Luther kumwomba msaada, naye akawajibu kwa kijitabu akifundisha kwamba kusanyiko la Wakristo lina haki na uwezo wa kupima mafundisho yote, na la kuwaita, kuwaweka na kuwaondoa walimu wake. Fundisho hilo tunalijua kwa jina la ukuhani wa waamini wote. Wengi hulisikia katika mafundisho ya Kipaimara kisha husahau kwamba lilizaliwa pamoja na hesabu za fedha.

Maana watu wa Leisnig waliandika pia utaratibu wa hazina ya pamoja, na Luther akauandikia dibaji. Fedha na mali zote za kanisa ziingizwe katika sanduku moja, na kutoka humo walipwe mchungaji na mwalimu, walelewe yatima, wasaidiwe wazee na maskini, ihifadhiwe nafaka ya siku za njaa, na iwepo shule ya wavulana na nyingine ya wasichana. Sanduku hilo lilipaswa kuwa na makufuli manne tofauti. Ufunguo mmoja ukae kwa makabaila, wa pili kwa baraza la mji, wa tatu kwa wenyeji wa mji, na wa nne kwa wakulima wa vijiji vya jirani. Wasimamizi walikuwa 10: makabaila wawili, wajumbe wawili wa baraza la mji, wenyeji watatu wa mji na wakulima watatu. Walitakiwa kukutana kila Jumapili kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 8 mchana. Kisha mara tatu kwa mwaka usharika wote ukutane, usomewe hesabu na uamue.

Nimewahi kuusimulia utaratibu huu kwa wazee wa kanisa, na kila mara kuna anayeuliza lile swali la mhasibu: je, sanduku lilifunguka? Kwa kweli lilifunguka kwa shida. Baraza la mji lilikataa kuziachia mali zilizokuwa mikononi mwake, na Luther mwenyewe alibaki akilalamika. Lakini mimi hushangazwa na jambo jingine. Utaratibu ule uliweka ufunguo mkononi mwa mkulima, ukamkalisha kwa saa tatu meza moja na kabaila, bila kueleza mkulima huyo atasemaje mbele ya mtu ambaye jana yake alimvulia kofia. Alipewa nafasi ya kukaa, na mkutano ambao ungempa nafasi ya kusema haukuandaliwa.

Hapo ndipo penye aibu niliyoitaja. Mwezi Machi 1525, katika mji wa Memmingen, wakulima walitoa madai yao katika vifungu 12. Cha kwanza kilidai haki ya kila jumuiya kumchagua mchungaji wake na kumwondoa, jambo lile lile Luther alilowaandikia watu wa Leisnig miaka miwili kabla. Mwanzoni Luther aliwaonya pande zote mbili, watawala na wakulima. Machafuko yalipoenea aliandika maneno makali mno dhidi ya wakulima, akiwahimiza watawala wawapige bila huruma, na maelfu kwa maelfu waliuawa. Sisi tunaobeba jina lake hatuna budi kulisema hili tunapofundisha historia. Baada ya hapo, katika sehemu kubwa ya nchi za Kilutheri, kanisa likakaa chini ya wakuu, na mshiriki wa kawaida akajifunza kukaa kimya kwenye benchi lake.

Ilichukua karne tatu kabla ya mchungaji mwingine kulishika jambo hili kwa upande wa ujuzi. N. F. S. Grundtvig (1783–1872) anajulikana Denmark kama mtunzi wa nyimbo za kanisa. Katika miaka ya 1830 mfalme wa nchi hiyo aliruhusu mabaraza ya ushauri, na wakulima wakaingia kukaa na wenye mashamba makubwa na wasomi. Grundtvig aliona hatari ambayo watu wa Leisnig hawakuiona: mkulima angeketi humo na kutikisa kichwa tu. Akadai shule ya watu wazima ambamo mitihani haina nafasi na mazungumzo ndiyo njia ya kujifunza, ambamo mwalimu na mwanafunzi wanazungumza kwa lugha ya nyumbani juu ya nchi yao, sheria zake na historia yake. Shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Miaka mitano baadaye Denmark ilipata katiba, na Grundtvig alikuwamo katika bunge lililoiandika.

Sweden ilifuata. Huko, hadi mwaka 1862, mkutano wa parokia ndio ulioshughulikia mambo ya kanisa na mambo mengi ya serikali ya mtaa kwa pamoja, na mwenyekiti wake alikuwa mchungaji. Mwaka huo shughuli hizo zilitenganishwa. Ghafla wakulima wakapaswa kuendesha mikutano yao wenyewe. Haishangazi kwamba shule za watu za Sweden zilianza mara tu baada ya hapo, mwaka 1868. Mwaka 1902, mjini Lund, Oscar Olsson alianzisha duru ya kujifunza: watu wachache, kitabu kimoja, mduara mmoja, na kiongozi ambaye ni mwenzao. Duru hizo zilitoka katika vyama vya kupinga ulevi, zikaenea katika makanisa huru na vyama vya wafanyakazi.

Msomaji ataniuliza haya yote yanamhusu nini mtu wa Iringa, Bukoba au Singida. Yanamhusu, kwa sababu duru ile ilifika kwetu. Katika miaka ya 1960 elimu ya ushirika iliyokuwa na makao yake Moshi, ikisaidiwa na nchi za Skandinavia, ilianzisha vikundi vya wanaushirika waliojifunza kwa kitabu na redio. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikaichukua njia hiyo. Mwaka 1969 ilikuwapo kampeni ya redio iliyoitwa Kupanga ni Kuchagua, kuhusu Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano. Mwaka 1970 ikaja Uchaguzi ni Wako, na 1971 Wakati wa Furaha, miaka kumi ya uhuru. Hizo zilikuwa ndogo. Kisha mwaka 1973 ikaja Mtu ni Afya.

Wazee wetu wanaikumbuka. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi kusikiliza Radio Tanzania, kusomewa kitabu, kuzungumza, na kuamua watafanya nini juu ya malaria, kichocho, kuhara na maradhi mengine ya kijijini kwao. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Kilichonivutia mimi katika habari hii ni viongozi wa vikundi. Waliandaliwa wapatao 75,000, kwa semina fupi zilizoshuka ngazi kwa ngazi hadi vijijini. Na waliambiwa jambo ambalo kwa mtu aliyezoea shule ya fimbo lilikuwa geni: wewe si mwalimu. Usihutubie. Uliza, subiri, mrudishie mwenzako swali lake, mpe nafasi asiyesema, kisha mkubaliane kitakachofanyika kabla hamjaondoka.

Mzee mmoja wa kanisa, ambaye alikuwa kiongozi wa kikundi siku hizo, aliniambia kwamba sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa kunyamaza. Redio ikizimwa, watu wote walimtazama yeye. Alikuwa na kitabu, alijua jibu, na alitakiwa asiliseme. Alijifunza kuhesabu moyoni hadi ishirini. Mara nyingi, akasema, kabla hajafika kumi na tano alikuwapo bibi aliyeanza kusimulia.

Lakini sitaki tuzipake miaka hiyo rangi ya dhahabu. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilikuwa zimevunjwa, na madaraka yaliyosemekana kupelekwa mikoani yalikwenda kwa maofisa. Mnamo Novemba 1973, miezi michache baada ya kampeni ile kumalizika, ilitangazwa kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi katika vijiji. Mahali pengi watu walihamishwa kwa nguvu na nyumba zao zikabomolewa. Waliojadiliana kwa wiki 12 wachimbe choo wapi hawakuulizwa waishi wapi. Ujuzi wa kuongoza mazungumzo ulikuwapo, mikononi mwa maelfu ya watu, na swali kubwa kuliko yote likawekwa nje ya mduara. Tangu hapo nadhani wanavijiji wengi walijifunza kupima mkutano kwa kipimo kimoja: je, jambo hili limekwisha kuamuliwa? Wakihisi limekwisha kuamuliwa, hunyamaza. Kimya chao si ujinga hata kidogo.

Serikali za mitaa zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na Katiba yetu, ibara ya 145 na 146, ikataja kwamba lengo lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuja utaratibu wa kupanga mipango unaoitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Wawezeshaji walitoka wilayani, wakakaa siku chache kijijini, wanakijiji wakachora ramani na kuorodhesha vipaumbele vyao. Watu wengi walisema kwa mara ya kwanza. Hata hivyo orodha nyingi zilikuwa ndefu kuliko fedha yoyote ya wilaya, na mwezeshaji aliporudi mjini ujuzi wake ulirudi naye kwenye gari. Hilo ndilo tofauti na mwaka 1973, wakati kiongozi wa kikundi alipobaki kijijini kwa sababu nyumba yake ilikuwa pale.

Ndiyo maana ninaona kwamba usharika una kitu cha kutoa. Sisi tuko pale. Tuna jumuiya zinazokutana kila wiki, zenye watu wachache, ndani ya nyumba, na mara nyingi zikiongozwa na wanawake. Tatizo letu ni kwamba tumezifanya kuwa ibada ndogo yenye mahubiri madogo. Kiongozi anasoma, anafafanua, anaomba, tunachangia sadaka, tunatawanyika. Katika vyuo vya theolojia mchungaji hufunzwa kuhubiri kwa miaka, lakini kuongoza kikao hujifunza akiwa tayari amekikalia kiti. Tusishangae basi kama Mkutano Mkuu wa Usharika wakati mwingine unafanana mno na ule wa kijiji, hadi kwenye namna hesabu zinavyosomwa watu wakiwa wamechoka kwa mnada na njaa.

Maandiko yenyewe yana mifano ya vikao vizuri. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani wanapunjwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawaundi kamati kwa siri. Wanaita jamii yote ya wanafunzi, wanaeleza tatizo, na kusanyiko ndilo linalochagua watu saba. Majina ya wale saba yote ni ya Kiyunani, kwa hiyo waliochaguliwa wanaonekana kutoka upande wa waliolalamika. Katika sura ya 15 Yakobo hasemi mpaka wengine wote wamekwisha kusema, na anapofunga kikao anaanza kwa kurudia alichosikia.

Mfano ninaoupenda zaidi uko katika Hesabu sura ya 27, kwa kuwa unahusu ardhi. Mabinti watano wa Selofehadi wanasimama mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote, wakidai urithi wa baba yao aliyekufa bila mtoto wa kiume. Musa angeweza kuwajibu kwa desturi. Hakufanya hivyo, alilipeleka swali lao mbele za Bwana, na likajibiwa kwamba wamenena haki. Lakini ukiendelea hadi sura ya 36 utakuta wazee wa ukoo wamerudi kwa Musa na wasiwasi wao kuhusu ardhi ile ile, na mabinti wanawekewa sharti la kuolewa ndani ya kabila lao. Safari hii hatusomi neno lolote waliloulizwa wala walilosema. Sheria yetu ya mwaka 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba liwe na wanawake wasiopungua watatu. Ni jambo jema. Ila akina mama watatu waweza kukaa katika baraza kwa namna ya sura ya 27 au kwa namna ya sura ya 36, na tofauti hiyo haimo katika sheria. Imo katika jinsi kikao kinavyoongozwa.

Ujuzi wenyewe si wa ajabu. Sehemu yake kubwa ni namna ya kuuliza. Ukiuliza kama kuna swali, umewaomba watu wasimame mbele ya jirani, mkwe na mkopeshaji wao na kukiri kwamba hawakuelewa. Ukisema, "Kaeni watu watanowatano, akina mama kwa akina mama na vijana kwa vijana, mjadili fedha hizi za zahanati zikitumika hivi nani ataachwa, kisha mmoja atueleze," umewapa kazi, na atakayesema atasema kwa niaba ya wenzake. Hesabu ziandikwe kubwa, na zitajwe kwa vitu: mifuko ya saruji, mabati, siku za fundi. Saa ya mkutano iwe ile ambayo mama anaweza kuja. Msemaji wa kila mara ashukuriwe na kuombwa kupumzika. Mwishoni uamuzi urudiwe kwa sauti kabla haujaandikwa, ili kilichomo kwenye muhtasari kiwe kile kilichosemwa.

Jumuiya inaweza kulifanyia mazoezi hili bila fedha za mtu yeyote. Kiongozi abadilike kila wiki, hata msichana aliyebarikiwa mwaka jana apewe zamu. Taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji ikibandikwa, jumuiya isomewe polepole, kila mmoja aseme anachokielewa, na maswali yaandikwe kabla ya siku ya mkutano.

Hatari ipo, nayo ni kwamba usharika wenye watu waliozoea kusema utaumeza mkutano wa kijiji. Kijiji kina Waislamu, Wakatoliki, Wapentekoste, na watu ambao hawaendi popote siku ya ibada. Kumfundisha mtu kuongoza mazungumzo ni tofauti na kumtuma na msimamo wa kanisa mfukoni. Kipimo kitakuja siku usharika wetu wenyewe unapoomba kiwanja cha kijiji kwa ajili ya kujenga kanisa au shule ya awali. Siku hiyo mchungaji na wazee wake waeleze ombi lao, wajibu watakayoulizwa, kisha wakae kwenye nyasi pamoja na wengine. Mazungumzo ya vikundi yaongozwe na mtu asiye mshiriki wetu, na swali la kwanza liwe nani analima pale kwa sasa.